Sikio Kwenye Kikasha cha Sarafu

Mama Taa hakuwa na mtoto aitwaye Taa. Jina hilo tulimpa sisi majirani zake, kwa sababu ukiingia kwenye chumba chake cha kupigia picha hakuulizi hujambo, anakuuliza kwa nini umesimama kwenye mwanga wake. Picha za pasipoti, za harusi, za viatu na vyombo vya wafanyabiashara, zote alizipiga yeye. Waliolalamika walikuwa wale tu waliotaka watoke wazuri kuliko Mungu alivyowaumba.

Mumewe tulimwita Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mrefu, mcheshi, mwenye kidole gumba cha kulia ambacho ukucha wake ulipasuka katikati zamani na haukuunga tena. Walikuwa wanapendana, hilo halina ubishi. Lakini kama kuna kitu Mama Taa alikuwa nacho kingi kuliko taa, basi ni wivu. Alimpenda Cheche kwa moyo wote na hakumwamini hata kwa nusu yake. Alinusa mashati yake kabla ya kuyafua. Cheche akicheka kwenye simu, mwenzake alikuwa akipunguza moto wa jiko ili asikie vizuri.

Asubuhi yalipoanza mambo haya ilikuwa kama asubuhi nyingine. Cheche anakunywa chai, mkewe anamuuliza ni nani aliyempigia jana wakati wa kula.

"Mteja wa geti," Cheche akasema.

"Geti gani hilo la kuongelea nje?"

Cheche akapapasa mifuko. Alikuwa anatafuta ufunguo wake.

"Nasema na wewe! Hayo masikio umewekewa ya kuning'iniza nini?"

"Nasikia, mke wangu, nasikia," akasema huku akitoka, akapiga mluzi mpaka kona ya barabara.

Hazikupita dakika nyingi hodi ikabishwa mlangoni. Akaingia mwanamke wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya chini. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekaa tu, halimfuati mwenziwe wa kulia. Akajieleza kuwa ni mjane, na kwamba marehemu mumewe alimwachia sarafu za kale, kila moja ndani ya kikasha chake cha plastiki.

"Nataka kuziuza," akasema. "Wanunuzi wako mbali, wananunua kwa macho. Picha ikiwa mbaya hawaulizi hata bei. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua mwanga."

"Hujadanganywa."

"Ila hazitoki nyumbani. Utakuja wewe. Na kuna jambo moja." Akamsogelea. "Unapobonyeza kamera, fikiria sarafu. Usimfikirie mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

Mama Taa akacheka. Wateja wana mambo. Mmoja hakubali kupigwa upande wa kulia, mwingine lazima ashike simu ambayo si yake. Huyu naye na lake. Akafunga begi, akamfuata.

Nyumba ya mjane ilikuwa ndogo, safi mpaka inatia mashaka. Hakuna vumbi hata juu ya redio. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na viatu vya kiume vilivyopigwa rangi vikang'aa. Mama Taa aliviona, akavihifadhi moyoni, kwa sababu yeye kiatu cha kiume hakimpiti hivihivi.

Sasa, kupiga picha sarafu iliyo wazi ni kazi, lakini sarafu iliyo ndani ya kikasha ni mtihani. Vikasha vile vimefungwa kiwandani kwa joto, havifunguki bila kuvunjwa. Na plastiki yake ni mbea. Inaonyesha taa, inaonyesha dari, inaonyesha kamera na hata pua ya mwenye kamera. Mama Taa alijua dawa yake. Alisimamisha kamera juu ya meza ikitazama chini. Akaweka taa mbili ubavuni, kila moja nyuma ya karatasi nyeupe ili mwanga utue taratibu. Kisha akatundika kitambaa kizito cheusi kuizunguka kamera kama hema, kikiwa na tundu dogo la lenzi, naye akainama ndani yake. Plastiki ikitazama juu inakuta weusi mtupu. Ikikosa cha kuona, inanyamaza.

Sarafu ya kwanza ilitoka kama iliyotengenezwa jana. Kichwa cha mfalme asiyejulikana, nywele zake unaweza kuzihesabu. Mama Taa akatabasamu. Akaweka ya pili, akaipangusa, akashika kitufe, na hapo, bila kutaka, akakumbuka chai ya asubuhi. Mwanamume unasema naye, masikio yako hapo, na hasikii. Akabonyeza.

Kwenye skrini, juu ya kichwa cha mfalme, palikuwa na doa la rangi ya ngozi. Akalikuza. Halikuwa doa. Lilikuwa sikio la mtu, sikio la kushoto, la mwanamume.

Akatoka ndani ya kitambaa haraka. Chumbani hamkuwa na mtu. Dirisha limefungwa, pazia limeshuka. Na hata kama mtu angepita, hesabu ya mwanga haidanganyi. Kinachoonekana kwenye plastiki lazima kiwe mahali plastiki inapotazama, na plastiki ilikuwa inatazama ndani ya kitambaa. Mwenye sikio lile alipaswa kuwa chini ya kitambaa kile, shavu kwa shavu na yeye.

Mjane akaja na sinia la chai. Lilikuwa na vikombe vitatu.

"Nani mwingine yuko humu?" Mama Taa akauliza.

"Hakuna. Niko peke yangu tangu marehemu aondoke." Akatazama sinia. "Ah. Mazoea."

Mama Taa hakuonyesha picha ile. Alikunywa chai yake huku jicho lake moja liko kwenye viatu.

Jioni alimkuta Cheche amekaa kitandani, kiganja kwenye sikio la kushoto.

"Limeziba," Cheche akasema kwa sauti kubwa kuliko kawaida. "Nilikuwa nachomelea, ghafla upande huu ukawa kimya. Kama limejazwa pamba."

"Ukiniona mimi ndiyo linaziba," mkewe akamjibu.

Alijibu kwa mazoea tu. Hakuunganisha lolote na lolote. Na wewe ungekuwa yeye usingeunganisha.

Siku ya pili aliondoka nyumbani akiwa na donge rohoni. Asubuhi, simu ya Cheche ilikuwa imewaka mezani, naye akaifunika kwa kiganja. Huenda ni jua lilikuwa linampiga machoni. Lakini mkono wa mwanamume ukifunika simu, hiyo ni barua iliyokwisha kusomwa. Mama Taa akatembea na mkono ule kichwani njia nzima. Akaingia nao nyumbani kwa mjane, akaingia nao ndani ya kitambaa.

Akabonyeza.

Mkono. Safari hii hapakuwa na ukungu wala haja ya kukuza. Mkono wa kulia umelala juu ya plastiki kana kwamba umefunika sarafu, na ukucha wa kidole gumba umepasuka katikati.

Mama Taa aliujua mkono ule. Alikuwa ameukanda kwa maji ya moto, ameutoa vijiti vya chuma kwa sindano, amevishwa pete nao. Kumbe! Kumbe vikombe vitatu! Kumbe viatu! Kumbe geti la kuongelea nje ndilo hili! Mumewe yumo ndani ya nyumba hii, na mjane huyu mwenye sauti ya kumwaga asali amemleta yeye, mke, kumpigia picha mali zake huku wanamcheka nyuma ya pazia.

Mwingine angepiga kelele palepale. Mama Taa alinyamaza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Aliyefumaniwa anaweza kukana mkono, anaweza kukana sikio, lakini uso haukaniki. Akajiambia, nitaupata uso. Akaendelea kupiga, na kila alipobonyeza alikuwa na Cheche akilini. Ikatoka shingo. Likatoka bega. Ukatoka mgongo ulioinama. Alizitazama moja moja akitikisa kichwa, na hasira ilikuwa tamu.

Jioni hiyo Cheche alishika kikombe kikamponyoka.

"Mkono umekufa ganzi," akasema. "Mpaka begani. Shingo nayo siisikii." Akajaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Mke wangu, naogopa."

Katika miaka yao yote, Cheche hakuwahi kusema naogopa. Sehemu ya Mama Taa ilitaka kuinuka, ichemshe maji, iukande mkono ule. Lakini kamera ilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa hapo mlangoni.

"Nenda kaogopee huko unakoshinda," akasema.

"Nashinda wapi zaidi ya karakana?"

"Njia ya mwongo fupi."

Cheche alikuwa amemgeuzia upande wa sikio bovu. Hakusikia. Akainama akaokota vipande vya kikombe kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, akiwa kama mtoto aliyekosea. Mama Taa alilala akitazama ukuta.

Siku ya tatu alipitia karakana kwanza. Alitaka amwone kwa macho yake. Cheche alikuwa ameinamia dirisha la chuma, anachomelea kwa mkono wa kushoto, cheche zinaruka ovyo. Alipomwona mkewe akainua kinyago, akampungia. Mama Taa naye akapunga. Moyoni akasema, haya, sasa tuone nani atawahi kufika, wewe kwa njia ya panya au mimi kwa hii ya watu.

Kwa mjane aliingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni. Akajaribu komeo la dirisha. Akachungulia chini ya meza na nyuma ya kabati. Hakuna mtu. Akasukuma kabati likagusa ukuta. Hakuna.

Ilibaki sarafu ya mwisho. Akaiweka. Akawasha taa. Akaingia ndani ya kitambaa.

Mle ndani kulikuwa na joto. Kulikuwa na harufu pia, harufu aliyoifua kwenye mashati miaka yote. Chuma kilichoungua.

Hakugeuka.

Kitu kilipumua karibu na shavu lake. Taratibu. Kama mtu anayejizuia.

"Umo humu," Mama Taa akanong'ona.

Pumzi ikaendelea.

"Nakujua. Njoo. Njoo nikuone wote."

Akamwita kwa akili yake yote. Macho yake. Pua yake. Mdomo unaodanganya. Miguu inayokwenda asikokujua. Akamkusanya mzima, hakuacha hata unyweleo. Kidole kikashuka.

Pumzi ikakatika.

Kwenye skrini, uso wa Cheche ulikuwa umejaa kikasha kizima. Haukuwa kivuli. Ulikuwa umeangazwa vizuri pande zote mbili, kwa taa zake mwenyewe Mama Taa. Macho yalikuwa yanamtazama yeye. Mdomo ulikuwa wazi, umekatwa katikati ya neno.

"Nimekukamata!" akapiga kelele, akakirarua kitambaa.

Hapakuwa na mtu.

Mjane alikuwa anagonga. Mama Taa akafungua, akamsukumia kamera usoni. "Huyu nani? Sema! Huyu nani?"

Mjane akatazama kwa jicho lake la kulia. "Sijawahi kumwona."

"Mwongo mkubwa wewe! Unakaa na mume wangu humu, unasema hujawahi kumwona?"

"Mume wako?" Mjane akashika kiti, akakaa polepole. "Ulimfikiria."

"Nini?"

"Nilikuambia. Nilikuambia usimfikirie mtu." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Zamani marehemu alizipiga mwenyewe. Siku moja tuligombana, akasema nimemtazama kwa dharau. Akaingia humu na hasira zake, akapiga. Moja tu. Alipoona kilichotoka akaweka kamera chini, hakuigusa tena mpaka anakufa." Akagusa kope la jicho lake la kushoto, lile lisilogeuka. "Picha moja, jicho moja. Wewe umempiga ngapi?"

Mama Taa hakumbuki alivyotoka. Alikimbia katikati ya barabara mchana kweupe, kiatu kimoja mguuni, na tuliomwona tulidhani kuna msiba. Tulimwita, hakusikia. Alikuwa anasema, "Mkono, mkono, nilimwacha na mkono wake," na machozi yanamfikia kidevuni.

Kwenye karakana, mashine ya kuchomelea ilikuwa bado inanguruma. Fundi pikipiki wa jirani alikuwa amesimama na spana mkononi.

"Alikuwa hapa, shemeji," akasema. "Nimegeuka tu kuchukua spana. Kitu cha kufumba na kufumbua."

Chini, mbele ya dirisha la chuma, ovaroli ya Cheche ilikuwa imelala kifudifudi. Mama Taa akaigeuza. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa mpaka shingoni. Buti zilikuwa zimejitokeza kwenye miguu ya suruali, kamba zimekazwa. Glavu zilikuwa kila moja mwisho wa mkono wake. Aliingiza kiganja ndani ya kinyago, na ndani mlikuwa bado na jasho.

Aliporudi kwa mjane geti lilikuwa wazi. Kabati tupu, sarafu hazipo, viatu vya kiume havipo. Hakuna aliyemwona mjane akitoka, na hakuna aliyejua alikotoka hata kabla ya hapo. Kwenye meza palikuwa na taa mbili, bado zinawaka, na kando ya kamera kile kikasha cha mwisho, palepale alipokiacha. Akakichukua, akakifunga kwenye kitambaa cheusi, akarudi nacho nyumbani.

Sisi majirani tukasema letu. Tukasema Cheche katoroka na mjane, jambo ambalo mkewe alikuwa analitabiri kila siku. Lisemwalo lipo. Hata fundi pikipiki, aliyeiona ovaroli kwa macho yake, baada ya muda akaanza kusema hivyohivyo, maana binadamu hutafuta pa kulaza akili. Na Mama Taa alipotusikia hakukasirika. Alituuliza mmoja mmoja, kwa upole wa kutisha, kama tuna hakika. Kama kuna aliyewaona kituo cha mabasi. Kama kuna aliyesikia wako wapi. Jambo alilokuwa akiliogopa maisha yake yote, sasa alikuwa anamwomba Mungu usiku na mchana liwe kweli.

Kikasha alikisimamisha kwenye rafu ya chumba cha picha, kikitazama stuli yake upande mmoja na mlango wa barabarani upande wa pili. Hakukivunja. Wapo waliomshauri akivunje, akawauliza: ukivunja kikombe chenye maji, unabaki na nini? Picha hakuzifuta, wala hakuthubutu kuzitazama tena. Aliacha kupiga picha za watu. Ila taa zake mbili aliziwasha kila siku, karatasi nyeupe mbele, mwanga laini, akakaa kwenye stuli kuongea na plastiki. Alimwomba msamaha. Alimwambia maji yamechemka.

Kisha asubuhi moja akatuita tukaone. Tulikwenda watatu, na mimi nikiwemo.

Kikasha kilikuwa na ukungu. Nilipitisha kidole changu juu ya plastiki, kikatoka kikavu. Ukungu ulikuwa ndani, ndani ya kitu kilichofungwa kiwandani kwa joto, kisichopitisha hata vumbi. Ulikuwa unafifia kidogo, kisha unakolea. Unafifia, unakolea. Tukasema ni unyevu. Mama Taa akasema, "Unyevu haujipangusi," akaonyesha kwa kidole. Katikati ya ukungu palikuwa na sehemu iliyofutwa, ndogo, kama mtu anavyofuta kioo cha basi la asubuhi ili aone nje.

Ilikuwa upande wa mlango.

Mama Taa alitabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile. "Hajui kama nimekaa huku," akasema. Akakishika kikasha kwa mikono miwili, akakigeuza polepole, ile sehemu iliyofutwa ikatazama stuli yake. Akakaa mbele yake, akajiweka nywele sawa.

Kesho yake nilipita kumjulia hali. Taa zilikuwa zinawaka, naye alikuwa kwenye stuli yake, hajalala. Upande uliomtazama yeye ulikuwa mweupe kwa ukungu, hauonyeshi kitu. Ule wa mlango ulikuwa umepanguswa upya, safi, kutoka pembe hadi pembe.

Alikigeuza tena siku hiyo, na siku iliyofuata, na kila kukicha uliopanguswa ni ule wa mlango. Sasa hakigeuzi tena.